Anayeshika Mkia

Katika mabwalo ya askari na polisi wa ufuko huu wa Ziwa Mweru, kutoka Nchelenge na Kashikishi hadi hapa Kabuta, umezuka ubishi ambao si wa kupuuzwa. Wako wanaosema kwamba timu za majeshi, kwa kuwa ni za taifa zima na zinatunzwa kwa fedha za umma, zisishushwe daraja hata zikishika mkia. Hoja hiyo wanaitegemeza kwa mfano wa Marekani, nchi tajiri ambako hakuna timu inayoshuka, na michezo inastawi. Sisi tunaona kuwa mfano ni wa kweli lakini hitimisho limepotoka, na kwa kuwa jambo lenyewe linagusa heshima ya sare tunazovaa, yafaa lielezwe kwa kirefu.

Huko Ulaya, ligi ni ngazi. Uingereza ilianzisha ligi yake mwaka 1888 kwa klabu 12, na mwaka 1892 ikaongeza daraja la pili. Leo, katika klabu 20 za daraja la juu, 3 za mwisho hushuka kila msimu, na nafasi zao huchukuliwa na 3 kutoka chini. Hakuna anayeulizwa jina lake wala umri wake. Klabu ya Leicester City ilipanda mwaka 2014, ikatwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016 jambo lililoshangaza dunia nzima, na mwaka 2023 ikashuka. Ikapanda tena 2024, ikashuka tena 2025. Kikombe chake kingali kabatini, lakini hakikuizuia isiteremke.

Huko Marekani mambo ni mengine kabisa. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ina timu 32. Ile ya mpira wa kikapu, NBA, ina timu 30. Na aliyemo ndani yumo. Timu ni hisa katika biashara moja inayoendeshwa na wenye timu kwa pamoja, na mgeni huingia kwa kukubaliwa nao na kulipa kiingilio. Hata ligi yao ya kandanda, iliyoanza kuchezwa mwaka 1996, imefuata desturi hiyo: San Diego, iliyoanza kucheza mwaka 2025, iliripotiwa kukubali kulipa dola milioni 500 ili ipate nafasi. Si kwa kumshinda mtu uwanjani, bali kwa hundi.

Na kwa kuwa timu ni mali ya mwenyewe, mwenyewe aweza kuihamisha. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, mwenye timu ya Colts ya Baltimore, akihofia sheria iliyokuwa ikitungwa ili mji uitwae timu, alipakia vifaa vyote vya klabu katika malori akaipeleka Indianapolis. Wakazi wa Baltimore walipoamka hawakuwa na timu. Askari aliyepata kuhamisha kambi gizani ataustaajabia utaratibu wa kazi ile. Lakini kambi huhamishwa kwa amri ya nchi, nayo Colts ilihamishwa kwa faida ya mtu mmoja.

Sasa tuje kwa anayeshika mkia. Kila mwaka vijana walioiva, wengi wao kutoka vyuoni, hugawanywa kwa timu kwa zamu, na desturi ni kwamba iliyofanya vibaya zaidi huchagua mapema zaidi. Mwaka 2008 timu ya Detroit Lions ilicheza michezo 16 ya msimu ikashindwa yote 16. Haikushuka. Ilipewa nafasi ya kwanza ya kuchagua mwaka 2009, ikajipatia kijana aliyetakiwa na wote. Katika mpira wa kikapu wamelazimika tangu mwaka 1985 kuingiza bahati nasibu katika zamu hiyo, kwa sababu ilishukiwa kuwa timu zinajiachia zishindwe ili zichague kwanza. Hata hivyo ugonjwa haukwisha: Philadelphia, kwa miaka mitatu, ilijenga kikosi dhaifu kwa makusudi ikingojea vijana wa mgawo, na katika msimu wa 2015 hadi 2016 ilishinda michezo 10 tu kati ya 82. Tunaomba msomaji aliyevaa sare alitafakari jambo hilo: kushindwa kukageuzwa kuwa mbinu yenye malipo!

Hata hivyo haki itendwe. Mpango wa Wamarekani una busara yake, nayo ni kutomwacha mwenye nguvu ameze wote. Fedha za televisheni za NFL hugawanywa sawa kwa sawa, na tangu mwaka 1994 mishahara ya kikosi imewekewa kikomo. Mgawo wa wachezaji nao umewahi kumwinua mnyonge kwelikweli. Mwaka 1987 San Antonio Spurs ilimchagua wa kwanza David Robinson, aliyetoka katika chuo cha maofisa wa Jeshi la Wanamaji. Klabu ikamngoja miaka 2 atimize utumishi wake jeshini.  Msimu uliotangulia kufika kwake Spurs ilishinda michezo 21, na msimu alioanza kucheza ikashinda 56. Huko Ulaya je? Nchini Ujerumani Bayern München ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, toka 2013 hadi 2023. Hatuna haja ya kwenda mbali, maana Tanzania, tangu Mtibwa Sugar ilipokuwa bingwa mwaka 2000 hadi msimu uliomalizika 2025, ni Azam peke yake, mwaka 2014, iliyoupokonya ubingwa mikononi mwa Simba na Yanga. Ngazi iko wazi, lakini juu kabisa wamekaa walewale.

Matajiri wa Ulaya wenyewe wameutamani mlango uliofungwa. Mwezi Aprili 2021 klabu 12 kubwa za Uingereza, Hispania na Italia zilitangaza ligi yao wenyewe, ambamo waanzilishi wasingeshuka kamwe. Washabiki wa Uingereza wakamiminika barabarani, na kwa muda wa siku tatu mpango ule ulikuwa umevunjika.

Basi tukirudi kwetu: Zambia na jirani zake wote wanaufuata mpango wa ngazi, na majeshi yetu yamepandia humo humo. Timu ya Jeshi, ambayo ndiyo Green Buffaloes, ilitwaa ubingwa wa nchi mara 6 kati ya mwaka 1973 na 1981. Red Arrows ya Jeshi la Anga ilikuwa bingwa mwaka 2004 na tena 2024, na mwaka huo huo wa 2024 ikachukua Kombe la Kagame mjini Dar es Salaam kwa kuishinda APR, timu ya jeshi la Rwanda, kwa mikwaju ya penalti. Nchini Kenya, Ulinzi Stars imekuwa bingwa mara 4, na Polisi wakatwaa taji lao la kwanza mwaka 2025. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyopewa nafasi kwa sababu ya bunduki ya mwenyewe.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi ni wa Tanzania mwaka 2023. Polisi Tanzania na Ruvu Shooting, zote mbili za vyombo vya ulinzi na usalama, zilishuka kutoka Ligi Kuu. Msimu huo huo JKT Tanzania ikapanda, na Mashujaa, timu ya jeshi yenye makao Kigoma, ikapanda nayo baada ya kuitoa Mbeya City katika michezo ya mchujo. Kigoma ni mji wa ziwani, wa samaki na mitumbwi, kama ulivyo ufuko huu. Lau ligi ile ingekuwa imefungwa kwa manufaa ya askari waliokuwa juu, waliofungiwa nje wangekuwa askari wenzao. Hili ndilo wasemaji wa bwaloni hawalioni: anayemlinda aliyeshika mkia humfungia njia mtu fulani aliye chini, na huyo huenda ni ndugu yake wa kikosi kingine.

Kuna neno moja lililobaki, nalo ni zito kuliko ubishi wenyewe. Mgawo wa wachezaji tunaoucheka wa Wamarekani una jamaa yake humu mwetu. Kijana hodari wa Kashikishi au Kabuta anapoandikishwa jeshini au polisi kwa ajili ya miguu yake, anavishwa sare, anapelekwa Lusaka, na klabu iliyomlea inabaki na pengo. Kwake ni heri kubwa: mshahara, matibabu, na kazi atakapokuwa hawezi tena kukimbia. Lakini klabu ya kijiji imepata nini? Kanuni za FIFA tangu mwaka 2001 zinazitaka klabu za nchi za nje zinazomsajili kijana kuwalipa waliomfundisha. Haifai jeshi la nchi yake liwe gumu wa mkono kuliko mgeni.

Tunapendekeza, kwa hiyo, kwamba ofisa yeyote wa michezo anayekuja kuchagua vijana huku aje na barua kwa klabu yao, na fidia itajwe humo kabla kijana hajapanda lori. Si lazima iwe fedha nyingi. Mipira, viatu, jezi, na nyavu halisi za magoli zitatosha kwa kuanzia, kwa maana viwanja vingine vya pwani hii hufungwa nyavu chakavu za kuvulia. Uvuvi upande wetu wa ziwa hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Miezi hiyo vijana wote wako nchi kavu na viwanja vimejaa, nayo ingefaa iwe miezi ya ziara hizo.