Kuvaa barakoa si udhaifu wa imani, ni haki ya jirani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, kila unapoingia msimu wa kipupwe hapa Iringa, kati ya Juni na Agosti, madirisha ya daladala ziendazo Kihesa na Ipogolo hufungwa, na ya misikiti yetu vilevile. Watu husongamana ndani wakikwepa baridi, na kikohozi hupita safu kwa safu. Lakini akitokea mtu aliyevaa barakoa, macho yote humwelekea yeye. Mmoja atamuuliza kwa kejeli kama korona imerudi, mwingine atanong'ona kuwa huyo ana kifua kikuu. Anayekohoa wazi haulizwi neno. Aliyejifunika ndiye anayefanywa kituko.

Dharau hii ina historia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Takwimu zikakoma kutolewa Mei mwaka huo, zikiwa zimefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na mwezi uliofuata Rais Magufuli akatangaza kuwa nchi imesalimika kwa maombi. Tokea hapo barakoa ikaacha kuwa kinga, ikawa alama: aliyeivaa alidhaniwa ana hofu, hana imani, au anaipinga Serikali. Februari 2021 Rais mwenyewe alipowahimiza watu kuvaa barakoa zilizotengenezwa nchini, mazoea yalikwishaota mizizi.

Sisi tunaopanda mimbari hatuna budi kukiri sehemu yetu. Wengi wetu tulihimiza dua, na hilo lilikuwa jema. Lakini tulinyamaza kuhusu kushika sababu, na ukimya wetu ukafahamika kuwa dua hutosha bila ya hatua.

Dini yetu haikufundisha hivyo. Khalifa Umar (R.A.) alipokuwa njiani kuelekea Sham akapata habari za tauni, alirejea Madina pamoja na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alipomhoji iwapo anaikimbia Kadari ya Allah, alimjibu kwa maana kuwa wanatoka katika Kadari moja kwenda katika Kadari nyingine ya Allah huyo huyo. Nani kati yetu atadai kuwa na tawakkul kuliko Umar?

Amepokea Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akifunika kinywa kwa mkono au kwa nguo yake. Aidha, aliyekula kitunguu saumu alitakiwa ajitenge na msikiti, asije akawaudhi wenzake. Ikiwa harufu tu imewekewa adabu hii, itakuwaje kwa pumzi iliyobeba maradhi?

Wapo wanaouliza kuhusu Sala, kwa kuwa imepokewa hadithi inayokataza kufunika mdomo ndani ya Sala. Jibu ni kuwa wanazuoni wameichukulia kuwa ni karaha, na karaha huondoka panapokuwa na haja. Kuwakinga waja wa Allah na madhara ni haja iliyo wazi.

Mtu anaweza kusema kuwa zama za korona zimepita, kwani Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura Mei 5, 2023. Ni kweli, lakini kifua kikuu hakikupita. Nacho huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionesha kuwa maambukizi ya VVU kwa watu wazima yalikuwa takriban asilimia 11 katika mkoa wetu wa Iringa na asilimia 12.7 katika jirani zetu wa Njombe, ilhali wastani wa nchi ni asilimia 4.4. Maana yake ni kwamba yule anayegusana bega na wewe katika safu huenda ana kinga dhaifu, naye hajakwambia wala halazimiki kukwambia. Kikohozi unachokiona wewe kuwa ni mafua, kwake yeye huenda kikawa msiba.

Hatusemi kila mtu avae barakoa kila siku. Tunasema hivi: mwenye kukohoa ajifunike katika daladala, sokoni na msikitini, anayezidiwa asali nyumbani, kwani maradhi ni udhuru, na kikohozi kikifika wiki mbili aende akapimwe, kwani kifua kikuu kinatibika na dawa zake hutolewa bure. Maimamu nao wafungue madirisha japo baridi iume. Na sote tuache kumcheka aliyejifunika. Huenda anatulinda sisi na maradhi yake, nasi tunamlipa kwa kejeli.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa salama kwa majirani zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.