NENO LA KARANI: "Humo" Si "Hukubatizwa"



Siku hizi parokia kadhaa zimeanza kunakili majina ya daftari la ubatizo katika kompyuta. Kazi hiyo ni njema, maana karani hapekui tena kurasa mia tatu kumtafuta mtoto mmoja. Lakini imezuka hatari mpya, nayo yawagusa hasa vijana wanaotaka kufunga ndoa. Kijana hufika ofisini kuomba cheti cha ubatizo. Jina lake huandikwa, kompyuta haionyeshi kitu, naye huambiwa: "Humo." Basi arudi nyumbani na huzuni, ndoa yaahirishwa, na wakwe waanza kunong'ona. Kumbe jina limo! Kwa hiyo yafaa kila nyumba ilifahamu jambo hili.

Majina hayo huwekwa katika jedwali. Kila Mkristo ana mstari wake wa kulala, na kila habari ina safu yake ya kusimama: jina la ubatizo, baba, mama, kigango, tarehe, msimamizi. Ukitaka watu wa kigango kimoja tu, waiambia kompyuta: nionyeshe mistari ambayo katika safu ya kigango pana neno hili. Huko ndiko kuchuja.

Lakini si kuchuja kama kwa chai, ambapo majani hutupwa. Hapa mistari isiyolingana na neno lako haifutwi, bali hufichwa tu. Ondoa chujio, yote yarudi. Ndiyo maana nambari za pembeni huruka, pengine kutoka 14 hadi 39. Mtu akilikuta jedwali limeachwa hivyo, akahesabu anayoyaona, atadhani nusu ya waamini wamehama.

Sasa angalieni mtego ulipo. Mtu akisikia Yosefu, Josefu na Joseph, ajua ni jina moja. Kompyuta yaona majina matatu. Tena madaftari mengi ya zamani yaliandikwa kwa Kilatini, hivyo Yohane wa nyumbani aweza kuwa Joannes daftarini. Tarehe nazo zina vituko vyake: 3/5/1998 kwetu ni tarehe tatu Mei, lakini kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa tarehe tano Machi. Kompyuta haisemi uongo. Hujibu lile uliloiuliza, wala haijui ulilokusudia.

Dawa yake ni nini? Kwanza, uliza kwa herufi chache. Katika programu nyingi alama ya nyota husimama mahali pa herufi zozote. Ukiandika *ose* utawapata Yosefu, Josefu, Joseph na hata Josephus wa Kilatini.

Pili, usirundike masharti. Ukichuja kwa jina, na kigango, na mwaka, mstari lazima ulingane na yote matatu. Moja likiwa limekosewa, mtu huyo atoweka. Anza na sharti moja ulilo na hakika nalo, mathalani jina la mama, kisha soma mistari iliyobaki kwa macho yako.

Tatu, jina lisipoonekana, fungua daftari lenyewe la karatasi. Nakala yaweza kuruka mstari. Mtaguso wa Trento uliwaagiza maparoko mwaka 1563 waweke kitabu cha ndoa, na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 535, yadai kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo, ndoa na vifo. Pembeni mwa jina la ubatizo ndipo panapoandikwa pia kipaimara na ndoa. Basi kulinda daftari hilo ni kulinda nyumba zenu.

Na daftari likiwa limeliwa na mchwa? Msikate tamaa. Kanuni ya 876 yasema kwamba, ikiwa hakuna atakayedhurika, shahidi mmoja wa kuaminika atosha kuthibitisha ubatizo. Bibi aliyesimama kanisani siku ile ana thamani kuliko mashine.

Ninyi wazazi mna sehemu yenu. Chukueni daftari dogo la nyumbani, mwandike kwa kila mtoto: jina kama lilivyoandikwa kwenye kadi, herufi kwa herufi, majina ya baba na mama, kigango, siku, mwezi na mwaka wa ubatizo, na msimamizi. Mtoto akienda ofisini apewe karatasi hiyo mkononi. Akiambiwa hayumo, aombe kwa adabu atafutwe kwa jina la mama, kisha katika daftari. Kuuliza si ujinga.

Nanyi makarani wenzangu, kabla ya kutamka "humo," kumbukeni kwamba mbele yenu amesimama mtu, si mstari wa jedwali.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Karani wa Parokia