Kamera inayoona gizani: Kabla ulale keja ya watu, soma hii

Zima taa, fungua kamera ya selfi, elekeza rimoti ya TV kwenye lenzi kisha bonyeza. Kwa simu nyingi utaona kataa kadogo kakiwaka zambarau. Kwa macho yako, hakuna kitu. Huo ni mwanga wa infraredi ya karibu.

Wasee wengi huuchanganya na kamera za joto. Hapana. Kamera ya joto husoma joto lenyewe la mwili. Hii huhitaji mwanga, ila ni ule macho hayauoni. Ndiyo maana CCTV ya ploti humnasa mwizi saa nane usiku: ina vitaa vyake, mara nyingi vya nanomita 850 au 940.

Faida zipo, tena kubwa. Jani lenye afya huurudisha mwanga huu kwa wingi, kwa hivyo droni yenye kamera hii inaweza kumwonyesha mkulima sehemu inayougua kabla majani hayajageuka manjano. Damu nayo huufyonza, kwa hivyo kifaa kidogo cha mkononi humsaidia nesi kuona mshipa wa mtoto badala ya kumdunga ovyo.

Noma ni pale kifaa hichohicho kinapoingia mikono mibaya. Mwaka wa 1998, Sony ililazimika kubadilisha kamkoda zake baada ya watu kugundua zinapenya baadhi ya nguo nyepesi. Miaka 22 baadaye, simu ya OnePlus 8 Pro ikazua kelele zilezile.

Lakini kwangu mimi hatari ya karibu si nguo, ni keja. Tunakodi vyumba vya usiku mmoja mtandaoni bila kumjua mwenyewe. Ukiingia, zima taa zote, pitisha kamera ya selfi polepole kwenye saa ya ukutani, chaja, king'ora cha moshi. Ukiona kinukta kinawaka, uliza maswali. Usipoona kitu, usijiambie uko salama kabisa: kamera isiyo na vitaa hivyo haitajionyesha.

Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yako, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha yako kuwa data yako. Shida ni kwamba sheria huja baada ya video kusambaa. Dakika mbili na simu yako huja kabla.