Jubilei ya Ndoa Katika Kisiwa cha Moto: Watu wa Gikomba Wajifunze kwa Wangazija

Siku hizi kumezuka mtindo mpya katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Mume na mke wanapotimiza miaka 10, 20 au 25 ya ndoa, hawatosheki tena na sala ya shukrani, keki na mbuzi wawili watatu wa kuchoma. Wataka kusafiri. Wataka wapande ndege, wakae siku nne au tano mahali penye bahari, kisha warudi na picha. Mtindo huu zamani ulikuwa wa watu wa Karen na Muthaiga. Sasa umeteremka hata Gikomba, kwa watu waamkao saa kumi alfajiri kwenda kufungua beli za mitumba kando ya mto Nairobi.

Wako wanaowacheka watu hao. Husema kwamba muuza mashati ana haja gani ya kulala hotelini, na kwamba huo ni uzungu. Mimi siwacheki. Mtu aliyesimama juani miaka 25, akipanga nguo na kuzipangua, ana haki ya kupumzika kama karani wa benki. Jambo linalonisumbua ni jingine: sherehe hiyo ni ya nini, na ni nani aishuhudiaye? Swali hili ndugu zetu wa Visiwa vya Ngazija wamelijibu tangu kale, kwa njia yao, na huko ndiko ningependa kumpeleka msomaji.

Mkenya akitaja kisiwa cha likizo, mara nyingi hutaja Unguja, Lamu au Mauritius. Unguja na Lamu ni visiwa vya matumbawe na mchanga, havina mlima wa moto. Mauritius ilizaliwa na volkano lakini moto wake umelala zamani. Reunion ina mlima unaolipuka hadi leo, ila hiyo ni ardhi ya Ufaransa, na kuingia huko ni safari ya makaratasi kabla ya kuwa safari ya ndege. Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, ndicho kilicho karibu nasi kwa lugha, kwa dini ya ndugu zetu wa Pwani na kwa damu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, kadhi mkuu wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925, na ambaye elimu yake iliheshimiwa Pwani nzima, alizaliwa huko Ngazija. Kingazija nacho, kikisemwa polepole, Mswahili hushika neno hapa na neno pale. Ila ajihadhari na neno marahaba: kwetu ni jibu la shikamoo, kwao ndiyo asante.

Juu ya kisiwa hicho umekaa mlima Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, na kinywa chake ni miongoni mwa vinywa vipana vya volkano hai duniani, kiasi cha kilomita tatu kwa nne. Mlima huo haufanyi mzaha. Mwaka 1903 hewa yake ya sumu iliua watu 17. Mwezi Aprili 1977 uji wa moto uliteremka ukapita ndani ya kijiji cha Singani, wenyeji wakakimbia na nyumba zao zikazikwa. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na mara ya pili, mwezi Novemba, jivu liliingia katika mabirika ya maji ya watu. Msomaji asilipuuze jambo hili la mabirika. Kisiwa kizima hakina mto wa kudumu, kwa sababu mvua yote hunywewa na mawe ya volkano, na vijiji vingi huishi kwa maji ya paa. Mgeni aliyezoea kufungua bomba la hoteli na kuliacha likimwagika akumbuke hayo.

Kuupanda mlima huo huchukua siku mbili, na usiku mmoja hulalwa juu, ambako baridi yake si ya kisiwani hata kidogo. Ni lazima kuchukua mwenyeji wa kuongoza, maana ukungu hushuka ghafla. Kwa mtu wa Nairobi kilele chenyewe si cha kutisha, kwani jiji letu liko juu kiasi cha mita 1,700 na zaidi, na Longonot yetu, yenye mita 2,776, yaupita Karthala kwa kimo. Tofauti ni kwamba Longonot mtu huanzia tayari yuko juu, na huko huanzia karibu na usawa wa bahari. Basi mume na mke wenye miaka hamsini na kitu wakiweza kuzunguka kinywa cha Longonot bila kulaumiana, waweza kujaribu. Asiyeweza, ufuko wa Chomoni wamtosha: mchanga mweupe umelala kati ya mawe meusi yaliyokuwa moto zamani. Asiye na pasipoti naye asikate tamaa, kwani ziwa Turkana lina Kisiwa cha Kati, ambacho ni volkano yenye maziwa matatu madogo ndani yake, na kimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1997. Mamba ni wengi mno, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Kwa Nairobi jina la Ngazija lina uchungu pia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotoka Addis Ababa ikija Nairobi ilitekwa na watu watatu, ikamaliza mafuta, ikaanguka baharini mbele ya hoteli ya Galawa karibu na Mitsamiouli. Watu 125 kati ya 175 walikufa, miongoni mwao mpiga picha wetu mashuhuri Mohamed Amin. Walionusurika walitolewa majini na wenyeji pamoja na watalii waliokuwa pale pwani. Nadhani Mkenya afikaye Mitsamiouli yampasa kusimama kidogo ufukweni kabla ya kuvua viatu.

Sasa nirudi kwenye ndoa, kwa kuwa ndiyo hasa iliyonifanya nikitaje kisiwa hiki na si kingine.

Huko Ngazija kuna mila iitwayo anda, na kilele chake ni harusi kubwa, ndola nkuu. Mwanamume huenda akaoa ndoa ndogo akiwa kijana, akakaa miaka mingi na kuzaa watoto. Lakini mbele ya mji bado ni mtoto, hata akiwa na mvi. Hawezi kutoa kauli nzito katika bangwe, yaani uwanja wa wazee, wala kuketi safu za mbele msikitini kama wenzake. Ni mpaka afanye harusi kubwa ndipo ahesabiwe mtu mzima. Wengine huifanya na mke yuleyule wa siku zote, na wengine na mwanamke mwingine, kwa kuwa mila yataka bibi harusi wa sherehe hiyo awe wa mji wa mume. Hapo mji wote hulishwa, ng'ombe huchinjwa, twarab hupigwa hadi alfajiri, na shughuli huendelea kwa siku nyingi. Gharama zake ni maelfu mengi ya Euro. Watu huziwekea akiba miaka 10 au 20, na wengi hufanya kazi Ufaransa, hasa Marseille, kwa ajili ya hiyo harusi tu.

Lawama dhidi ya mila hii ni nyingi na si ngeni. Yasemwa kwamba nchi maskini yachoma mali yake kwa ngoma. Ali Soilih, aliyeiongoza Komoro mpaka alipopinduliwa Mei 1978, aliipiga marufuku kabisa kwa jina la maendeleo. Alipoanguka, mila ikarudi siku hiyohiyo, kama maji yanayorudi mahali pake. Mimi sisemi alikosea kwa kila alilofanya, lakini nadhani aliona gharama bila kuona kinachonunuliwa. Kwani tazama mali hiyo yaenda wapi. Dhahabu yote hupewa bibi harusi. Nyumba hujengwa na jamaa zake, na ni ya kwake, mume ndiye ahamiaye. Nyumba na ardhi ya namna hiyo, iitwayo manyahuli, hurithiwa upande wa wanawake, kutoka kwa mama hadi kwa binti. Kelele zote zikiisha, mwanamke amebaki na ukuta na paa.

Msomaji wa Gikomba asidhani mambo haya ni ya kigeni. Kwa Wakikuyu, ambao ni wengi katika soko hilo, ndoa haikamiliki mpaka ngurario ifanywe, na bega la mbuzi likatwe mbele ya pande mbili za ukoo. Ni mabwana wangapi waliokaa na wake zao miaka 20, watoto wako chuo kikuu, na ngurario haijafanywa? Siku binti anapoletewa wachumba ndipo baba hukumbushwa kwamba hawezi kula mahari ya mtoto wakati ya mama yake hajaimaliza. Hapo kila mtu hukimbia huku na huku kutafuta mbuzi. Wakamba nao wana ntheo yao. Kumbe basi harusi inayofanywa miaka mingi baada ya ndoa ni jambo letu pia, ila sisi huifanya kwa aibu na haraka, na Mngazija huifanya kwa fahari.

Likizo ya jubilei ni mtoto mpya aliyezaliwa kando ya mila hizo. Nayo ina kasoro moja: haina shahidi. Wawili huondoka, wawili hurudi, na majirani huona picha katika simu. Kwa maoni yangu mwenye deni ukweni alilipe kwanza, akate bega la mbuzi wazee wakiona, kisha apande ndege. Akifanya hivyo safari itakuwa nyepesi, maana hakuna shemeji atakayesema nyuma yao kwamba walipata nauli ya Moroni wakakosa mbuzi.

La pili ni fedha zenyewe. Fedha za Gikomba si za mshahara. Zazunguka: leo ni beli, kesho ni nguo mezani, keshokutwa ni beli tena. Nazo zaweza kupotea kwa usiku mmoja. Alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko na kuua watu 15, na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho. Mwezi Machi 2020 serikali ilizuia mitumba kuingia nchini kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na zuio halikuondolewa mpaka Agosti. Miezi ile, aliyekuwa na akiba alikula akiba, na aliyekuwa ameimaliza alikopa. Kwa hiyo fedha ya likizo isitolewe kamwe katika fedha ya beli. Itengwe tangu mwanzo katika chama chake peke yake. Wawili wakiweka shilingi 200 kwa siku, siku sita za juma, watapata 1,200 kwa juma na 62,400 kwa mwaka. Miaka miwili ni 124,800. Huo ni mwendo wa kobe, lakini haumnyang'anyi mtoto karo ya Januari. Wale wa mkopo wa simu, eti waende sasa walipe baadaye, watalipia mawimbi ya bahari wakiwa wameshayasahau.

Tena, fedha hiyo ni ya nani? Katika meza nyingi za Gikomba ni mama aamkaye kwanza, ndiye ajuaye kutenga kamera na fagia, na chama ni chake. Lakini safari ikija, baba ndiye achaguaye mahali na tarehe. Tuseme mama amwambie, "Baba Kamau, badala ya hoteli ya bei hiyo, tulale nyumba ya wageni, na kinachobaki tununue mabati ya ile ploti ya Kangundo Road, iandikwe majina yetu sote wawili." Je, ameharibu sherehe? Mwanamke wa Ngazija angemwelewa mara moja. Sherehe kwake ni kitu kinachoacha nyumba.

Wale watakaokwenda wajue haya. Fedha ya huko ni faranga ya Komoro, iliyofungwa na Euro kwa kiasi cha faranga 492 kwa Euro moja, hivyo shilingi zibadilishwe kuwa Euro hapa hapa Nairobi. Ratiba za ndege za Moroni hubadilika, basi ulizeni shirika lenyewe kabla ya kulipa hoteli. Nchi ni ya Kiislamu, mavazi ya ufukweni yabaki ufukweni. Soko la Volo Volo mjini Moroni litawafurahisha watu wa biashara kuliko hoteli yoyote, na kule Ikoni wataonyeshwa jabali ambalo, mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake wa mji walijitupa baharini wasichukuliwe utumwani na wavamizi kutoka Madagascar.

Mvua na joto la kashkazi ni Novemba hadi Aprili, na mwezi wa mwisho huo waweza kuleta tufani, kama Kenneth ya Aprili 2019. Wakati mzuri wa mlima ni kusi, Mei hadi Oktoba. Atakaye kuona harusi kubwa kwa macho yake aende Julai au Agosti, ila anunue tiketi mapema sana, kwa kuwa miezi hiyo viti hujaa Wangazija warudio kutoka Marseille, na kila mmoja ana masanduku ya watu watatu.