Jumuiya Si Mali ya Wakubwa Peke Yao



Wenzetu wa Mtangawanda na visiwa vyote vya Lamu hutuuliza: Jumuiya ya Afrika Mashariki yatuhusu nini sisi? Arusha ni mbali, na reli haijafika huku. Swali hili ni la haki, nasi twalijibu leo waziwazi. Yatuhusu kwa sababu kazi zetu zimo ndani yake, na kwa sababu Jumuiya ya kwanza ilipokufa, aliyelipa gharama ni mfanyakazi.

Tukumbuke mambo yalivyokuwa. Mwaka 1948 reli za Kenya na Uganda ziliunganishwa na reli za Tanganyika, zikawa shirika moja la Reli na Bandari. Dereva wa treni wa Kisumu na mpakuzi wa Tanga walikuwa chini ya tajiri mmoja. Mwaka 1967 nchi 3 zilitia sahihi Mkataba wa Jumuiya mjini Kampala, na makao makuu yakawa Arusha. Juu kabisa walikaa Marais watatu, na jambo kubwa halikupita ila wote wakubaliane. Idi Amin alipoinyakua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Tangu hapo kikao cha Marais hakikuketi tena. Nchi zikazozana juu ya fedha za mashirika, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983. Mapatano ya kugawana mali hayakutiwa sahihi mpaka Mei 1984. Na wastaafu wa Jumuiya huko Tanzania waliendelea kudai haki zao miaka mingi baadaye, wengine wakafa wakingali wanadai.

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini sisi hatusemi kwamba kosa lilikuwa la tembo tu. Kosa lilikuwa pia katika jinsi Jumuiya ilivyoundwa. Fikirini chama chetu wenyewe. Mwenyekiti akigombana na Mweka Hazina, tawi halifungwi. Mkutano huitwa, idadi ya wanachama ikitimia kura hupigwa, na kazi huendelea. Jumuiya ile ilikuwa na mawaziri na Baraza la kutunga sheria, lakini hapakuwa na mtu wa kuita kikao ambacho Marais wamekikataa.

Je, Jumuiya ya sasa imetengenezwa vizuri zaidi? Twajibu: kidogo. Mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na nchi 3, na tangu Somalia ilipoingia mwaka 2024 nchi zimekuwa 8. Wakuu wa Nchi bado huamua kwa makubaliano ya wote. Bunge la Afrika Mashariki lina wajumbe 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, lakini mwananchi hawapigii kura. Huchaguliwa na Bunge la nchi yao. Tena mswada ukipita huko ni lazima Wakuu wote waukubali. Mmoja akikataa hurudishwa Bungeni, na akikataa mara ya pili umekufa. Huko Ulaya wananchi huwachagua wenyewe wabunge wa Umoja wao tangu 1979, na mambo mengi kati ya serikali zao huamuliwa kwa wingi wa kura.

Liko jambo moja jema, nalo ni Mahakama ya Jumuiya. Mwaka 2006 wajumbe wa Kenya walipopatikana kwa kuteuliwa na vyama badala ya uchaguzi, Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake walishitaki Arusha, na Mahakama ikazuia wajumbe wale wasiapishwe. Hukumu ya Machi 2007 ikasema Mkataba ulivunjwa. Lakini kabla hukumu haijatoka, Desemba 2006, Wakuu walikwisha kuubadili Mkataba juu ya Mahakama hiyohiyo! Hata hivyo mlango ungali wazi: mkaazi yeyote wa nchi mwanachama aweza kushitaki huko, ila afanye hivyo ndani ya miezi 2. Wangapi kati yetu walilijua hili?

Tuje huku kwetu. Machi 2012 viongozi wa Kenya, Ethiopia na Sudan Kusini walizindua kazi ya bandari mpya ya Lamu, pamoja na mpango wa reli na bomba la mafuta. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, reli haijatandikwa. Mwaka 2016 Uganda iliamua kupitisha mafuta yake Tanga. Hatuilaumu, maana kibarua wa Tanga ni ndugu yetu sawa na wa Lamu. Twauliza tu: mambo haya yalipangwa katika meza gani, na mfanyakazi alikaa wapi? Hata wavuvi wetu iliwabidi waende Mahakama Kuu ya Malindi, iliyosema mwaka 2018 kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Kwa hiyo chama na kidai mambo matatu. Kwanza, Mkataba wasema wajumbe 9 wawakilishe pia makundi maalumu. Wafanyakazi ni kundi. Mwulizeni Mbunge wa Lamu Mashariki atampigia kura nani. Pili, Shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki ni mtazamaji tu katika Jumuiya. Lisikilizwe kabla ya mapatano yoyote yahusuyo kazi, wala si baada yake. Tatu, likiundwa tena shirika la pamoja, malipo ya uzeeni yawekwe kando, mahali ambapo ugomvi wa wakubwa hautayafikia.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Ni kweli, lakini mabaharia wakinyamaza watazama pamoja na chombo. Njoni mkutano wa tawi, mseme.

UMOJA NI NGUVU.