Ungenunua nyanya kwake?

Leo nina jambo linanikereketa.

Kwenye zile tafiti za kitaifa za afya, karani anabisha hodi na kukuuliza: ungenunua mboga mbichi kwa muuzaji mwenye VVU? Na watoto wenye VVU wasome pamoja na wasio navyo? Ukijibu hapana kwa mojawapo, unahesabiwa mbaguzi. Sasa niambieni, msomi gani wa Sinza atajibu hapana mbele ya mgeni mwenye kalamu? Mimi ningesema ndiyo kabla hajamaliza swali.

Pale nilipopanga zamani kulikuwa na bibi analea mjukuu wake. Vidonge vya mtoto alivihamishia kwenye kopo la majani ya chai, akavizibia na pamba visilie njiani wakitoka kliniki. Mtoto aliambiwa ni dawa ya kifua. Bibi alikuja kunieleza haya baada ya miaka miwili ya ujirani. Hakuna aliyewahi kuwatukana pale uani. Karani angepita, sote tungejibu ndiyo, na nyumba yetu ingeonekana haina unyanyapaa kabisa.

Tatizo ni kwamba tunamuuliza anayenyanyapaa, sio anayenyanyapaliwa. Kumuuliza mtoto nako kuna kazi yake: wengi hawajaambiwa wanaumwa nini, hivyo ukitamka tu VVU umeshatoboa siri ya mlezi. Halafu huyo mlezi, anaficha kopo kwa sababu alishatengwa, au anaogopa kutengwa? Hayo ni mambo mawili, yanataka maswali mawili. Ndiyo maana niliwapenda watafiti wa AMPATH kule Eldoret, ambao walikaa na walezi na vijana wenye VVU wakasikiliza kwanza wao wanaliishi vipi jambo hili.

Mwaka 2004 kituo cha watoto cha Nyumbani, Nairobi, kilikwenda mahakamani kwa sababu shule za umma zilikataa watoto wake. Ubaguzi wa namna ile unaupima kwa kuhesabu waliokataliwa. Wa kopo la chai je?

Ningepewa nafasi ya swali moja kwenye dodoso, ningemuuliza mlezi: dawa za mtoto unaziweka wapi, na nani mwingine anajua? Najua watu wa takwimu watanicheka, halijibiki kwa ndiyo au hapana. Wacheke tu.