Chuo Hakikodishi Ulimi Wake

Upo utetezi mmoja ambao kila mwenye kusimamia udahili anaujua kwa moyo, na naona wakati umefika tuukatae hadharani. Mwanafunzi analalamika kwamba tangazo lililomvuta lilimwahidi kozi yenye ithibati, mkopo wa uhakika na ajira baada ya kuhitimu, naye alipofika hakukuta hata kimoja. Ofisi humjibu kwa utulivu: "Hayo hayakusemwa na chuo. Yalisemwa na wakala." Hapo faili hufungwa. Wakala amekwisha kulipwa kamisheni yake, chuo kimekwisha kupokea ada, na kijana amebaki na deni pamoja na mwaka mmoja wa maisha yake usiorudi.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hawakusema kwamba aliyemtuma asiulizwe. Chuo kinachoajiri kampuni ya matangazo kimeamua kusema na umma kwa kinywa cha kukodi, na kwa kuwa mavuno ya maneno hayo huingia ghalani mwake, lawama nayo haina mlango mwingine wa kugonga.

Nitaanzia Marekani. Sidai kwamba wao ni walimu wetu, bali biashara hii ilinenepa huko mapema kuliko kwetu, na madhara yake yameandikwa katika majalada ya serikali ambayo kila mtu anaweza kuyasoma. Vyuo vya kibiashara vya nchi hiyo vilizoea kununua majina ya watarajiwa. Kampuni ya masoko hufungua tovuti inayojidai kusaidia watu kutafuta kazi, bima au nafasi jeshini. Mtu huandika jina, namba ya simu na kiwango chake cha elimu. Taarifa hizo huuzwa, na muda si mrefu simu huanza kuita, lakini anayepiga si mwajiri wala jeshi: ni mtu wa chuo.

Tazameni kwa nini askari walilengwa zaidi. Sheria ya huko ilitaka chuo cha kibiashara kisipate zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake kutoka misaada ya shirikisho kwa wanafunzi. Hata hivyo, fedha za elimu za askari wastaafu, ingawa nazo zilitoka serikalini, zilihesabiwa katika ile asilimia 10 iliyobaki, mpaka Bunge lilipobadili kanuni hiyo mwaka 2021. Hivyo kila askari aliyesajiliwa alifungua nafasi ya kuchota zaidi upande wa pili. Kanuni iliyotungwa ili kulinda hazina ikawa sababu ya kumwinda mtu aliyevua sare jana.

Mwaka 2012 kampuni ya QuinStreet ilifikia makubaliano na wanasheria wakuu wa majimbo 20, ikakubali kulipa dola milioni 2.5 na kuikabidhi tovuti ya GIBill.com kwa Wizara ya Masuala ya Wastaafu wa Jeshi. Majimbo yalidai kwamba tovuti hiyo iliwafanya wastaafu waamini kuwa ni ya serikali, na kwamba vyuo vilivyotajwa humo ndivyo pekee ambavyo fedha zao zingeweza kulipia.

Kisa cha mwaka 2019 kinatugusa kwa karibu zaidi. Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki Career Education Corporation, mmiliki wa American InterContinental University na Colorado Technical University. Sehemu kubwa ya madai ilihusu maneno na vitendo vya wauza majina ambao kampuni iliwalipa: kujifanya wana uhusiano na jeshi, kuwanasa watafuta kazi, na kuwapigia simu watu waliokwisha kujiandikisha kukataa simu za biashara. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 30 bila kukiri kosa. Uzito wa shauri lile haumo katika fedha tu. Aliyelipa ni mwenye chuo, ingawa tovuti zilikuwa za watu wengine. Na masharti ya makubaliano yalimtaka awafuatilie wauza majina wake, akague matangazo yao na kuchunguza malalamiko.

Kanuni za Wizara ya Elimu ya huko nazo hazina kigugumizi. Upotoshaji ni upotoshaji, uwe umefanywa na chuo chenyewe, na mwakilishi wake, au na yeyote mwenye mkataba nacho wa kutangaza au kusajili wanafunzi. Tangu mwaka 1992 sheria ilikataza pia kumlipa msajili kwa idadi ya vichwa alivyoingiza. Lakini mwaka 2011 mwongozo wa wizara uliacha upenyo: kampuni inayotoa usajili pamoja na huduma nyingine inaweza kugawana ada na chuo. Kupitia upenyo huo, kampuni za kuendesha kozi za mtandaoni ziliingia hadi katika vyuo vyenye heshima kubwa. Fungueni dirisha dogo kwa kamisheni, nayo itaingia na godoro lake.

Sasa turudi nyumbani. Kila msimu wa udahili Tanzania hujaa mabango, jumbe za simu na vijana wenye fulana za vyuo vituoni na sokoni. Kutangaza si dhambi, na maonesho ya vyuo ya Mnazi Mmoja yana faida yake. Lakini nafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nimesoma katika simu zao jumbe walizotumiwa na watu waliojiita maofisa udahili. Mmoja alihakikishiwa mkopo kabla hata hajaomba, ilhali mwenye kupanga mikopo ni Bodi ya Mikopo, na hakuna wakala aliyepewa ufunguo wake. Alipofika chuoni, ambacho sitakitaja, aliambiwa namba ile haijulikani. Ada yake, hata hivyo, ilijulikana vizuri sana.

Hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 imeipa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mamlaka ya kusimamia ubora na udahili, na Tume hiyo imewaasa waombaji mara nyingi wasipotoshwe na wanaojiita mawakala, bali waombe moja kwa moja vyuoni. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu awe na msingi halali wa kufanya hivyo. Kwa hiyo orodha ya namba za wahitimu wa kidato cha sita inapotua mezani kwa ofisa masoko, swali la kwanza liwe: nani aliwaomba ridhaa, lini, na kwa maneno gani? Asiye na jibu asiinunue.

Lakini tahadhari hizi zote humwendea mwombaji. Tunamwambia kijana wa miaka 19 ajihadhari, achunguze, athibitishe. Chuo chenye mwanasheria, mkaguzi wa ndani na baraza tunakiambia nini? Mzigo wa uangalizi umetwishwa mabega membamba kuliko yote, na wenye mabega mapana wanatembea mikono mitupu.

Napendekeza mambo machache, na hayahitaji Bunge. Mkataba wa masoko useme kwamba hakuna tangazo, hata ujumbe mmoja wa simu, litakalotoka bila idhini ya maandishi ya chuo, na nakala zote zihifadhiwe. Malipo yasifungwe kwenye idadi ya vichwa, kwa maana anayelipwa kwa kichwa hatauliza kama kichwa hicho kina sifa za kuingia. Wakala asiajiri wakala mwingine kisirisiri. Chuo kiwe na mtu wa kupiga simu kama mwombaji wa kawaida na kusikia kinachosemwa. Orodha ya mawakala wote iwekwe hadharani, na ahadi ya uongo ikithibitika, mwanafunzi arudishiwe ada kwanza. Chuo na wakala watadaiana baadaye.

Nitajibiwa kwamba vyuo vidogo vya binafsi vinaishi kwa ada, na kwamba havina uwezo wa kumchunga kila kijana mwenye simu. Hoja ya kwanza naielewa. Mishahara ya wenzangu hutoka humo. Lakini njaa ya chuo haihalalishi kumla mwanafunzi. Hoja ya pili inajiangusha yenyewe: usiyeweza kumsimamia, usimpe jina lako alitembeze. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Chuo kinachotumia fedha nyingi kutembezwa kuliko kununua vitabu kimekwisha kutuambia kiko upande gani wa methali hiyo.

Wanafunzi, hifadhini kila tangazo na kila ujumbe mliotumiwa kabla ya kulipa ada. Huo ndio ushahidi wenu. Wanaharakati, ombeni mikataba ya masoko ya vyuo vya umma, maana fedha hizo ni zetu. Nanyi watumishi wa mamlaka za udhibiti, mnapokagua chuo msihesabu viti na maabara peke yake. Takeni mkataba wa wakala, takeni sauti za simu zake, kisha mwiteni makamu mkuu wa chuo na kumwuliza kama anayasimamia maneno hayo. Akiyakana, aeleze kwa nini aliyalipia.